Maini ya Ijumaa

Jamhuri, Nairobi
Wiki ya tatu ya Kwaresima

Kwako Mama yangu,

Nakusalimu kwa jina la Yesu, aliyefunga jangwani kwa ajili yetu. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Ng'ombe ameshazaa? Waambie watoto wa kaka Isaiah kwamba shangazi anawakumbuka. Mimi ni mzima, na neno hilo lishike mpaka mwisho wa barua, maana utalihitaji.

Nilipata ujumbe wako. Emmah amekwambia nimeacha Kanisa na sasa nakula na Waislamu. Mama, Emmah ni mtu wa kwetu na kwaya inaitegemea sauti yake, lakini jambo likipita mdomoni mwake hutoka limenona. Alichokiona ni kweli. Alichoongeza ni chake. Ijumaa ile alitoka kwenye Njia ya Msalaba, akaja kuuliza mbona sikuonekana, akanikuta nimeketi kwa jirani yangu Mabruka na sahani ya maini mapajani. Mabruka ni mama wa pwani, mumewe anauza vitambaa mjini. Mwaka huu Ramadhani imeangukia ndani ya Kwaresima yetu, kwa hiyo Mwislamu alikuwa amefunga na Mkristo anatafuna. Emmah alifanya ishara ya msalaba akaondoka bila hata kunywa maji.

Hakuna aliyenibadili dini. Mabruka hunipikia kwa sababu narudi nimechoka kutoka Dagoretti Corner ninakoshona, na kwa sababu anaapa kwamba maini nikipika mimi huwa soli ya kiatu. Anapika na njaa yake, hataki kuonja, basi kuna siku chumvi inakuwa ya kufa mtu. Mimi namwambia ni tamu.

Najua utauliza kwa nini nile nyama Ijumaa ya Kwaresima, mimi uliyenilea kwa maharagwe bila mafuta. Ni daktari. Alisema damu yangu iko chini kidogo, nisifunge, nile maini na mboga, ninywe maji mengi, kisha anipime tena. Nilikwenda kwa padri nikiwa na aibu. Akasema sheria ya mfungo haimbani mtu aliyeagizwa na daktari. Nikashukuru, nikainuka. Ndipo akaniuliza kama mama yangu anajua kwa nini natibiwa damu. Nikaketi tena. Akasema kama natafuta kitu cha kuacha Kwaresima hii, niache kukuficha. Nimejaribu, Mama. Kila nikishika simu naishia kukuuliza habari za ng'ombe. Ndiyo maana nimeandika. Simu ungenikatia katikati.

Sasa keti kwanza.

Unamkumbuka Ivyne, mtoto ambaye Baba alimzaa nje. Najua unamkumbuka. Siku tuliyomzika Baba ulisimama mbele ya watu wote ukasema huyo hana damu yetu, na mamake akamshika mkono wakarudi barabarani kabla jeneza halijashuka. Nilikuwa kando yako, na nilikubaliana nawe.

Alinitafuta kabla ya Krismasi. Figo zake zote mbili hazifanyi kazi tena. Huenda hospitalini Upper Hill kila wiki kusafishwa damu kwa mashine, na akitoka huko hawezi kupanda ngazi bila kupumzika. Mamake ana ugonjwa wa sukari, hawezi kumtolea, na hana mwingine wa tumbo moja. Lakini hakuniomba figo. Aliniomba tu nimtaje katika sala za jumuiya. Nikamtaja, ulimi ukiwa mzito. Ukimtaja mtu kwa Mungu kila wiki, Mama, inafika siku unaona haya kuishia hapo.

Nikaenda kupimwa. Na nisiposema hili, hata kuandika kwangu ni bure: nilikwenda nikitumaini nikataliwe. Nilikuwa nimeyashikilia maneno yako ya mazishini. Niliamini vipimo vitaonyesha si ndugu yangu, nami nirudi nyumbani mikono safi kama ya Pilato. Daktari alituita pamoja. Akasema tumelingana kuliko alivyotarajia, na kwamba hana shaka baba yetu ni mmoja. Ivyne alilia. Mimi nilikuwa nakuwaza wewe.

Mama, nitampa figo moja. Ni Jumanne, baada ya Jumapili ya Matawi. Daktari anasema mtu huishi vizuri na iliyobaki, na wamenipima kila mahali. Hata hivyo naogopa. Naogopa kisu, naogopa kulala nisiamke, naogopa mwili wake uikatae figo, kazi yote iwe bure. Zaidi ya hayo yote naogopa kuingia mle ndani ukiwa umenikasirikia. Usiku naota umenipa mgongo, nami nakuita huitiki.

Sikuombi umsamehe Baba. Hilo ni lako na lake. Nakuomba uje. Muuguzi alituuliza nani atakuwa karibu tukizinduka. Mimi nilitaja jina lako haraka, kabla sijaogopa. Ivyne hakuwa na wa kumtaja, maana mamake hali yake haimruhusu kusafiri.

Nisalimie Isaiah na mkewe, na mama wote wa jumuiya. Mabruka naye anakusalimu. Anasema kila magharibi, kabla hajaonja tende, hutuombea sisi wawili kwa majina.

Na ukija, najua huwezi kuja mikono mitupu. Beba ule uji wako wa wimbi, Mama. Uwe wa kutosha watu wawili.

Ni mimi bintiyo,
Mercyline Namalwa