Jiko la Dohani Lililomuunguza Rahma

JESHI LA POLISI TANZANIA
MKOA WA KASKAZINI PEMBA, WILAYA YA MICHEWENI
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Ummkulthum Hafidh Shaame
Umri: Miaka 49
Jinsia: Mwanamke
Dini: Muislamu
Kazi: Mwalimu wa chuo cha Kurani, na mkulima
Makaazi: Makangale
Tarehe ya kuandikwa: 18 Novemba 2024, saa 2:30 asubuhi
Mwandikaji: Koplo Abrahman Silima

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Koplo Abrahman amenieleza kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimemjibu kuwa hilo ndilo lililonileta: uongo umeshasemwa hapa, na mtu asiye na kosa amelala ndani kwa ajili yake.

Haroub Hafidh ni mdogo wangu, tumbo moja baba mmoja. Tunakaa uwanja mmoja aliotuachia marehemu baba, yeye na mkewe Rahma Rajab nyumba ya mbele, mimi nyumba ya nyuma. Haroub alifanya kazi ya upishi Unguja, katika hoteli za pwani, kwa miaka mingi. Mwaka huu alirudi akiwa na nia ya kufungua mahali pa kulisha wageni hapa kwetu, kwa kuwa wanaokuja kutembea msitu wa Ngezi hupita karibu na nyumba yetu. Nia hiyo niliipenda na niliiombea dua.

Alisema huko alikokuwa alizoea kupikia jiko la udongo la kuweka uani. Ni mfano wa mtungi mkubwa wenye tumbo. Mbele lina mdomo wa kutilia kuni, na juu lina shingo ndefu ya kutolea moshi, hiyo ndiyo dohani. Mwezi wa tisa tulikwenda naye kwa Bi Mize Feruzi, mfinyanzi wa hapo hapo Makangale, ambaye vyungu vyake vimo katika kila jiko la kijiji chetu, likiwemo jiko la hao wanaomsema leo. Haroub alimchorea chini kwa kijiti. Bi Mize akasema hajawahi kufinyanga kitu kama hicho, lakini atajaribu, na tusimharakishe.

Alifinyanga mawili. Siku tuliyoitwa kuchagua nilikuwepo. La kwanza lilikuwa zuri zaidi kwa macho, lina nakshi shingoni. Haroub akaligonga kwa kifundo cha kidole, likatoa mlio mfu. Bi Mize akaligeuza, akatuonyesha ufa mwembamba kama unywele chini ya dohani. Haroub akasema si neno, atalifunga waya. Bi Mize akasema, "Hili siliuzi, mwanangu. Nitaoteshea mchicha." Tukachukua la pili. Hilo lina ukuta mnene uliolingana pande zote, na ukiligonga linalia safi. Niliingiza mkono wangu mwenyewe ndani nikapapasa tumbo lote. Halikuwa na ufa.

Nataka hili liandikwe vizuri: mama huyu alikuwa na jiko bovu mkononi na mteja anayelitaka, akakataa kuliuza. Leo anaambiwa kauza jiko bovu.

Hapo hapo Bi Mize alianza kutueleza namna ya kulitunza, lakini kila alipofungua mdomo Haroub alimmalizia maneno. Alikuwa anayajua yote. Nyumbani alitufundisha mimi na Rahma. Alilikalisha juu ya kigoda cha chuma, mahali peupe baina ya kisima na ua wa miti, mbali na nyumba. Alijaza mchanga tumboni hadi karibu na mdomo, ili moto usiguse udongo wa chini. Siku za mwanzo aliwasha vijiti vichache tu, akaacha moto ufe wenyewe, udongo upate kuzoea. Alituambia kuni ziwe kavu, mafuta ya taa yasikaribie, moto usizidi ukatoka juu ya dohani, na jiko likiwa moto lisihamishwe wala lisitiwe maji. "Maji kwenye udongo wa moto ni bomu," maneno yake hayo. Kuzima ni kwa mchanga. Mvua ikinyesha jiko lina moto, liache pishi lako liharibike.

Kwa zaidi ya mwezi tulilitumia hivyo na halikutupa tabu. Mie na Rahma tulichoma mahindi na mihogo humo, tukakaa karibu nalo tukizungumza. Kwa hiyo mtu asije akasema hapa kwamba Haroub hakujua. Angekuwa hakujua, nisingekuja.

Mnamo tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, Haroub alikaribisha wageni wawili kutoka Wete ambao alitaka washirikiane naye katika hiyo biashara. Walikuja kwa gari baada ya sala ya alasiri. Samaki na pweza walikuwa tayari wameshatiwa viungo. Haroub aliwasha jiko pale pale mahali pake, na moto ukakolea vizuri.

Mawingu yalikuwa yamefunga tangu mchana. Kiasi cha saa kumi na moja na nusu manyunyu yakaanza. Wageni wakakimbilia bandani. Hilo ni banda letu la kupikia, limeezekwa makuti na halina kuta. Mimi nilimwambia Haroub tumalizie samaki kwa mafiga, tumezoea, na watakuwa watamu vile vile. Akasema wageni hawakutoka Wete kuja kutazama mafiga. Akachukua magunia, akayachovya ndoo ya maji, akamwita mgeni mmoja amsaidie kulibeba jiko pamoja na moto wake kulitia bandani. Nilisikia udongo ukilia chaa pale magunia yenye maji yalipougusa.

Walipolikalisha bandani nilikwenda nikasimama mbele yake. Nikamwambia, "Haroub, haya si ndiyo uliyotukataza wewe?"

Akanijibu kwa sauti ya chini, wageni wasisikie, "Dada, nistiri leo tu."

Sikumstiri. Nilisema mbele ya wageni kuwa jiko hili halikai chini ya makuti, na nikamwita Rahma atoke. Rahma alikuwa ameshalifuata jiko bandani, anageuza samaki. Akamtazama mumewe. Mumewe akamwambia aendelee na kazi yake, Bi Ummkulthum ni mtu wa hofu. Rahma akabaki. Wageni walicheka kidogo, kwa heshima.

Kuni zilikuwa zimeshaingia maji, moshi ukajaa banda zima na mgeni mmoja akawa anakohoa. Haroub akaona aibu. Akachukua dumu la mafuta ya taa lililokuwa pembeni, akamimina mdomoni mwa jiko. Moto ulipanda mara moja ukatokea juu ya dohani, ukashika makuti. Haroub alipoona makuti yanawaka alibeba ndoo ile ile ya maji. Mimi nilikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Nilipiga kelele asimwage. Alimwaga yote ndani ya jiko.

Tumbo la jiko lilikwenda vipande. Vigae vya moto na makaa vilimpata Rahma shingoni, kifuani na mkono wa kushoto wote. Kanga yake ilishika moto. Nilimvuta nje, nikamlaza kwenye matope, nikamzimia moto kwa kanga yangu na maji ya mvua. Majirani walikuja, wakayaangusha makuti kwa miti kabla moto haujafika nyumbani. Banda limekwisha. Rahma alipelekwa hospitali kwa gari la wale wageni, na mimi nilikwenda naye. Njia nzima hakulia. Aliniuliza mara moja tu kama uso wake umeungua. Nikamwambia haukuungua, na ni kweli.

Hospitalini Haroub aliulizwa imekuwaje. Akasema jiko lilipasuka lenyewe, limefinyangwa vibaya. Nilidhani ni mshituko, mtu hajui asemalo. Nikajiambia kesho atatulia.

Siku ya pili, Jumapili tarehe 17, nilirudi kijijini asubuhi kuchukua nguo za Rahma. Nikapita kwa Bi Mize kumpa habari kabla hajaipata kwa watu. Nikamkuta Haroub yupo uani kwake pamoja na vijana wawili wa mtaani, ana mpini wa jembe mkononi, anavunja vyungu vilivyoanikwa. Alivivunja safu nzima, vikubwa na vidogo, na mitungi miwili iliyokwisha kuchomwa. Bi Mize alikuwa amesimama mlangoni na mikono yake ina udongo mbichi hadi kwenye viwiko. Hakumtukana. Alisema tu, "Hivyo ni vya watu, Haroub." Mimi nilimshika mdogo wangu mkono akanisukuma. Kutoka hapo alikuja kituoni kumshtaki Bi Mize, yule yule ambaye yeye ametoka kumvunjia vyungu. Alasiri Bi Mize akaitwa, na hakurudi.

Jumapili hiyo hiyo baada ya magharibi ukoo ulikutana kwa ami yetu, Mzee Himid Shaame. Niliitwa nikaenda. Mzee Himid alisema mambo haya ni ya kusitiriwa, Haroub ana biashara ya kufungua na mke wa kuuguza, na polisi wakiuliza, mimi niseme jiko lilikuwa mahali pake na lilipasuka lenyewe. Nikamuuliza, na Bi Mize je? Akasema, "Mize atapata wa kumtetea wapi? Wale ni watu wa kuja. Wewe angalia damu yako."

Naomba Koplo uandike nilivyomjibu. Nilimjibu kuwa babu yake Mize aliletwa kisiwani hapa kuchuma karafuu, na karafuu hizo hizo ndizo zilizowajengea nyumba wanaomwita wa kuja. Mize kazaliwa Makangale, kasoma chuo kimoja na mimi kwa mwalimu mmoja, mamake na baba yake wamezikwa Makangale. Mama yetu sisi alipokufa, aliyeleta mitungi ya maji ya kumuoshea ni yeye, na hakuna aliyemuuliza siku ile katoka wapi. Nilimwambia Mzee Himid kwamba namheshimu kama baba, lakini neno hilo sitalibeba kwenda nalo kaburini.

Haroub alikuwa amekaa karibu na mlango muda wote huo. Akaniuliza, "Wataka nifungwe, dada?"

Nikamwambia, "Nataka Mize atoke."

Alivaa viatu vyake akatoka.

Kabla ya hapo, mchana, nilikuwa nimemwambia Rahma hospitalini kwamba Bi Mize anashtakiwa. Amefungwa bendeji kuanzia shingoni. Akaniambia, "Wifi, usiseme kitu. Mie ndiye nitakayerudi nyumba ile." Nimelifikiria neno hilo usiku kucha. Hasira yangu kubwa iko hapo. Mwanamke ameunguzwa kwa kuambiwa akae kwenye moto, na sasa anatakiwa anyamaze ili aliyemweka kwenye moto asione haya. Nimeamua kwamba Rahma akitoka hospitali atakaa kwangu, nyumba ya nyuma, hadi apone na hadi aamue mwenyewe. Atakayetaka kuja kumchukua atapita mlangoni kwangu.

Simchukii mdogo wangu. Nimemlea mgongoni. Kuharakisha, kuona aibu mbele ya wageni, kumwaga maji kwa hofu, hayo ni ya binadamu, na angesema kweli tungemlilia sote. Lakini kujua jambo, kulifundisha wengine, kulivunja kwa makusudi, kisha kuchukua mpini wa jembe na kwenda kumvunjia mtu riziki yake ili kosa lihame uani kwetu liende uani kwake, hilo sina jina lake. Vigae vya jiko nimevikusanya vyote, nimevileta kituoni ndani ya gunia. Vitazamwe. Ukuta wake ni mnene na umeiva, na vipande vya ndani vina harufu ya mafuta ya taa mpaka leo. Wageni wa Wete nao waulizwe, waliona kila kitu.

Niliyoyasema ni niliyoyaona kwa macho yangu na kuyasikia kwa masikio yangu, na niko tayari kuyasema tena mahakamani mbele ya mdogo wangu.

Saini: Ummkulthum H. Shaame

Uthibitisho wa mwandikaji:

Maelezo haya yameandikwa nami na kusomwa kwa shahidi kwa Kiswahili, lugha anayoielewa. Amekubali ni sahihi baada ya kurekebisha sehemu moja. Pale nilipoandika "tumbo la jiko lilipasuka", shahidi alisema yeye hakutamka hivyo, neno hilo ni la Haroub, na akataka yaandikwe maneno yake kama alivyoyasema. Yameandikwa. Nimepokea gunia moja la vigae kwa ajili ya uchunguzi. Haroub Hafidh ametumiwa wito wa kufika kituoni.

Mize Feruzi ameachiwa kwa dhamana asubuhi hii hii, mdhamini wake akiwa ni shahidi. Waliambiwa wasubiri gari la kituo liwarejeshe Makangale. Shahidi alikataa. Alisema watakwenda kwa miguu, yeye na Bi Mize, na watapita njia ya katikati ya kijiji, watu wawaone.

Koplo Abrahman Silima
18 Novemba 2024