Pikseli Kumi na Sita

Jumapili, 20 Julai

Tumeipata! Nukta hafifu, inasogea taratibu kati ya nyota, haimo kwenye orodha yoyote. Asteroidi mpya. Delfino ndiye aliyekuwa kwenye kompyuta. Alizunguka kibanda cha darubini mara mbili, kofia mkononi. "Mwalimu, kama naota usiniamshe!" Ananiita mwalimu tangu nilipomfundisha bintiye fizikia.

Lazima tuipime usiku mwingine wiki hii. La sivyo njia yake haitajulikana, itapotea, na atakayeipata baadaye ataiita atakavyo. Delfino jina analo tayari: Ermelinda. Mkewe. Tulimzika Machi.

Jumatatu, 21 Julai

Mawingu. New Mexico kila Julai ni hivi. Nimefagia ukumbi mara tatu.

Jumanne, 22 Julai

Delfino kaenda Las Cruces kwa daktari wa macho, atalala kwa bintiye. Kapiga simu: leo ni wewe peke yako, usiniangushe. Nikamjibu nilishika kamera kabla yeye hajajua kuiwasha. Tukacheka.

Jumatano, 23 Julai

Jana anga lilifunguka dakika arobaini tu. Picha ishirini. Asubuhi nimezifungua — na tangu hapo sikai, sisimami.

Asteroidi ilikuwa inapita karibu sana na nyota. Kwenye kila picha, hiyo na nyota ni doa moja. Na kosa ni langu. Kwenye kamera mpya niliweka, kwa mazoea, mpangilio wa ile yetu ya zamani, yenye kihisi cha CCD: unganisha pikseli nne kwa nne, kumi na sita ziwe moja, ili kilicho hafifu kionekane.

Kwa CCD ilikuwa busara. Chukua vikombe kumi na sita vya maji ya mvua, kila kimoja ni pikseli na mwanga wake: unavimimina kwenye ndoo moja, unapima mara moja, unakosea mara moja. Hii mpya, yenye kihisi cha CMOS, hupima kila kikombe kwanza, hukosea kidogo kwa kila kimoja, ndipo hujumlisha. Kwa hiyo haraka ya nini? Hifadhi pikseli zote, uunganishe baadaye ukitaka. Ukiunganisha ndani ya kamera, maji yameshachanganyika. Hutajua tena kikombe kipi kilikuwa na nini.

Haya haya niliyaeleza kwenye klabu yetu ya darubini mwezi Juni. Kwa ubao na chaki!

Delfino kapiga simu. Nimemwambia ukungu uliharibu. Kwa nini nimesema hivyo?

Alhamisi, 24 Julai

Mawingu. Nimempigia, nikakata kabla hajapokea.

Ijumaa, 25 Julai

Mvua. Utabiri unasema hakuna anga safi mpaka Jumatano ijayo. Tutakuwa tumechelewa.

Delfino amekuja na burito za pilipili ya kijani, pikapu yake matope matupu. Ukungu haumwingii akilini. "Leta faili, mwalimu. Nina miwani mpya, nitaichomoa hiyo nukta hata ikijificha kwa mchawi." Nikasema tule kwanza. "Chakula hakikimbii, mama. Ermelinda anakimbia."

Sasa yuko chumba cha pili, kwenye kompyuta. Mimi jikoni, nangoja kahawa, naandika. Picha zake za Jumapili zilikuwa megabaiti hamsini na mbili kila moja. Hizi zangu, zilizounganishwa, ni tatu. Niende nimwambie kabla hajaziona. Kahawa ichemke kwanza, halafu —

Kiti kimekwaruza sakafu.

"Mwalimu," anaita, polepole. "Mbona faili zako ni ndogo hivi?"