Pompi ya Papa Hilaire

Siku ya Kwanza, tarehe 4 mwezi wa sita 1956

Papa Hilaire anatembea vibaya. Miguu huku na huku, kama mutoto aliyejikojolea. Nilimuuliza. Anasema gunia ya kahawa ilimwangukia kule depo, anakosimamia wabebaji. Gunia ya kahawa inaangukia bega. Haiangukii pale. Nilimuchemshia maji na chumvi akakataa. Miaka kumi na tatu ya ndoa, hajakataa maji yangu ya moto hata siku moja.

Leo nimeumika watu watatu, kuvuta damu kwa pembe. Muzee mumoja wa mugongo, wanawake wawili wa kichwa. Damu ya yule muzee ilikuwa nyeusi sana. Mikono yangu inanuka nta ya pembe mpaka sasa.

Mungu atulinde.

Siku ya Tatu, tarehe 6

Sasa anaoga peke yake. Ametundika blanketi mulangoni. Mimi ndiye namusugua mugongo tangu tuoane — leo nimesimama inje na sabuni yangu kama mugeni.

Nilifua suruali yake. Ndani kuna mafuta, mazito, yananuka duka la velo, la baiskeli. Nikafikiri ugonjwa. Nikafikiri muke mwengine kule karibu na port. Nikasema rozari nzima juu ya karai, sikusikia hata neno moja.

Nikaenda kwa Léocadie. Nitaenda kwa nani? Tulipata komunyo siku moja, masere wa misioni alitushonea robe za kitambaa kimoja. Ni marene wa kadogo wangu, mama yake wa ubatizo. Nikalia. Ni mara ya kwanza namulilia mambo ya Papa Hilaire, mara ya kwanza tangu niolewe. Akanipangusa machozi na kikwembe chake mwenyewe, alichojifunga. Akasema wanaume wana siri zao, nisiulize, nivumilie, itapita. Akanifungia sukari kidogo ndani ya karatasi nipelekee watoto.

Nimerudi moyo umetulia. Kuwa na rafiki ni kitu kikubwa.

Siku ya Tano, tarehe 8

Nimeona.

Nilitoka ziwani mapema, ndoo ilitoboka kwenye mawe. Saa ya midi, jua kichwani. Watoto masomoni, kadogo mugongoni. Nikapita nyuma, kwa mbuzi. Papa Hilaire ameketi juu ya jiwe. Suruali chini. Mukononi ana chupa ndefu ya kioo, kama kioo cha taa, mudomo wake umezungushiwa mupira wa velo. Juu yake pompi ya velo. Lakini haisukumi upepo — inauvuta! Kila akivuta, anafunga macho. Pembeni kuna mukanda mudogo wa ngozi na risasi ya nyavu za samaki imefungwa. Ile ya kuning'iniza.

Karibu niangushe mutoto.

Aliruka. Kioo kikatoka na sauti. Ndipo nikaona alama. Duara. Nyeusi, na malengelenge madogo pembeni. Ile duara naijua! Naifanya kila siku kwenye migongo ya watu. Angeweza kuificha kwa muke mwengine yeyote wa Goma. Si kwangu.

Nikacheka. Najuta kuandika, lakini nilicheka. Ilikuwa woga. Kisha nikamwambia pole pole, kama ninavyoambia wagonjwa:

— Papa Hilaire, ile inayopanda ni damu. Pembe ikitoka, damu inarudi kwake. Mimi nimeumika migongo miaka kumi na mbili. Hakuna mugongo hata mumoja uliokua.

Hakucheka. Alifunga suruali. Akasema:

— Wewe ndiye umenifikisha hapa.

Akarudi kazini na ile miguu yake. Sikuelewa. Nimefikiri muchana kutwa, sombe ikaungua chunguni.

Siku ya Mungu, tarehe 10

Amesema. Kisha ya misa, watoto wamekwenda kuangalia bato ya Bukavu ikifika ziwani.

Anasema nilikwenda kwa Léocadie. Si juzi — zamani, kabla ya Pasaka. Kwamba nililia kule, nikasema yeye ni mudogo pale, kwamba ninavumilia tu kwa sababu ya watoto. Léocadie mwenyewe alimwita uani, akamwambia na sauti ya huruma. Shemeji, usimuchukie muke wako, anateseka. Kisha bwana yake akatoa chupa chini ya kitanda. Nsanzimana huyu tengeneza-velo, aliyeleta vioo hivi toka Bukavu. Ni yeye anageuza ile ngozi ya ndani ya pompi ili ivute. Nusu saa asubuhi, nusu saa midi, kisha mukanda na risasi. Miezi mitatu utaona.

Miezi miwili na nusu imepita. Miezi miwili na nusu amekula ugali wangu, amenipatia watoto niwafunike, amenisalimia asubuhi — na ndani ya tumbo lake ameweka kwamba mimi nilimuvua nguo mbele ya watu. Hakuniuliza. Hata siku moja!

Nikaapa. Nikashika msalaba wa ukutani. Akasema muke akikamatwa anaapa siku zote.

Kupima! Nani anapima? Mimi sijawahi kumupima mume wangu. Tumezaa wanne. Nikimusikia anakohoa barabarani nafurahi, naweka maji motoni. Basi. Hicho ndicho kipimo changu.

Tena nililia kwa Léocadie siku ya tatu. Akanipangusa. Alijua nalia juu ya nini kuliko mimi mwenyewe.

Siku ya Pili, tarehe 12

Nimepita mbele ya mulango wake mara mbili. Mara ya pili alinipungia mukono. Nikamurudishia. Mukono ulijirudisha wenyewe. Nilipofika nyumbani niliuosha.

Sukari yake iko bado. Watoto wanaiomba. Siwezi kuwapa, siwezi kuitupa.

Siku ya Nne, tarehe 14

Kanyere amekuja kuumikwa. Huyu mama wa Butembo anayeuza maharagi na viazi, mwenye sauti ya kamio inayopanda mulima. Nikamupandikia pembe sita. Analala kwenye mukeka, anasema mambo ya soko, bei, mvua imekwisha. Kisha anasema bila kugeuza kichwa: siku hizi kwangu kuna pompi ya velo na hatuna velo.

Nikamwambia endelea.

Anasema bwana yake aliambiwa na Léocadie vile vile. Muke wako analia kwangu. Kanyere, ambaye hata salamu ya Léocadie haiitikii! Yeye hakungoja. Alikwenda palepale, akamukamata kikwembe. Na Léocadie hakukana. Alicheka. Akamwambia:

— Mwanaume hanunui dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, mpaka aambiwe muke wake ndiye ameuona. Ni biashara, mama. Usichukue moyoni.

Nikauliza ni wanaume wangapi. Kanyere anasema vioo vilikuwa kartoni nzima, na juzi kartoni ilikuwa tupu.

Nilisahau pembe. Zilikaa sana, nilipozitoa mugongo wake ulikuwa na malengelenge. Nikamwomba musamaha, machozi yananitoka. Akacheka.

— Mama Hilaire, unataka na mugongo wangu ukue?

Nami nikacheka kidogo. Ni mara ya kwanza wiki hii. Nimemwomba arudi siku ya posho, aseme yale yale mbele ya Papa Hilaire. Amekubali. Huyu ambaye si marene wa mutu.

Siku ya Posho, tarehe 16

Kanyere amekuja. Amesema yote akisimama mulangoni, hakuficha kitu, hata jina la bwana yake. Papa Hilaire ameketi, macho chini. Hakumukatiza. Kanyere alipokwisha, alimushukuru na heshima, kama mutu anayeshukuru kwenye matanga.

Kisha akatoka nyuma. Nikasikia kioo kinapasukia kwenye mawe. Akarudi mikono mitupu.

Akakubali maji yangu. Maji ya moto, chumvi, kisha siagi ya ng'ombe. Nimemukanda kama mutoto. Alama inaanza kuwa ya kijani, itapona. Malengelenge mawili yametoa usaha, nimemwambia yakizidi ataenda dispanseri, haya ao hakuna haya. Akasema pole pole:

— Hukusema.

— Sikusema.

Akaweka mukono juu ya kichwa changu. Nikafikiri imekwisha. Nikamushukuru Bikira Maria palepale, kwenye moshi.

Haikuisha. Nsanzimana amejisifu kule depo. Ili auze kwa wengine alisema: hata kapita wenu Habarurema amechukua, muke wake alikuwa analia. Wanaume arobaini wa gunia, ambao Papa Hilaire ndiye kapita wao, wanajua! Wanakohoa kila akipita. Nikamwambia basi, siku ya kwanza uwaambie Léocadie ni mwongo. Akatikisa kichwa. Anasema akisema Léocadie alidanganya, watauliza na wewe uliamini, kapita? Na ile pompi ulivuta asubuhi ngapi? Kwa hiyo tunyamaze. Ni afazali watu wabaki kujua ni mudomo wa muke. Mudomo wa muke unasahaulika upesi.

Nilikuwa nashika siagi. Niliangalia uso wake muda murefu. Ni uso ule ule.

Siku ya Mungu, tarehe 17

Kanisani wanawake wawili walisogea kwenye ubao nilipoketi. Si mbali. Kiasi cha mutu mumoja.

Dereva wa kamio amefikisha maneno mpaka Rutshuru, kwao Papa Hilaire. Mama mukwe ametuma habari: anashuka siku ya pili, na Muzee Harelimana, kaka ya marehemu baba mukwe. Najua wanakuja na nini. Kwetu muke anayemuvua mume nguo kwa mudomo wake anarudi kwa baba yake. Baba yangu yuko Masisi. Narudi na pembe zangu na mukeka. Watoto wanabaki, ni wa ukoo. Hilaire wetu wa kwanza, wasichana wawili. Na kadogo, miaka miwili, halali bila kushika sikio langu.

Nikamupigia Papa Hilaire magoti. Sikumwomba aseme habari ya pompi. Sikumwomba amutaje Léocadie. Neno moja tu. Wakikuuliza, sema: Mama Hilaire hakusema. Basi. Wengine wafikiri wanavyotaka.

— Nitasema.

Akanishika mukono. Muchana, mbele ya watoto. Hilaire akaangalia pembeni na haya.

Nimejua woga wake. Ni mutu mwema, anaogopa kuchekwa kama wengine wanavyoogopa volkano. Nitamusamehe yote. Aseme tu hilo neno.

Siku ya Kwanza, tarehe 18

Nimefagia, nimepaka chokaa ukuta wa mbele. Léocadie ametuma binti yake na kuku. Kwa wageni wenu, anasema. Nimemurudisha na kuku wake, na sukari juu.

Siku ya Pili, tarehe 19

Wamefika saa nne. Mama mukwe hakunibusu. Ameketi, ameangalia kila pembe ya nyumba kama mutu anayenunua. Ameleta shangazi yao. Wamekunywa kasiksi kwanza, pombe yetu ya ndizi, wamesema habari ya ng'ombe, ya jua. Sasa mimi niko jikoni. Muke haingii mpaka aitwe. Ukuta ni mbao, nasikia yote. Kaye yangu ya kuandikia iko kwenye magoti, nisipoandika nitapiga kelele.

Mama mukwe amesema kwanza. Kwamba alinichukua kama mutoto wake. Kwamba alinifundisha kukamua. Kwamba mwanawe sasa anachekwa na madereva. Sauti yake imekatika. Analia kweli, namusikia. Ningetoka nimupe maji kama ningeruhusiwa.

Papa Hilaire hajasema.

Shangazi anauliza mutoto mudogo anakula nini. Nguo zake ziko wapi.

Muzee Harelimana anagonga fimbo. Ni mutu wa haki, alitugawia shamba bila kelele. Anasema hahukumu kwa maneno ya kamio, anataka kusikia kwa mwenye nyumba.

— Habarurema, mutoto wa mudogo wangu. Muke wako alisema maneno haya, ao hakusema?

Nasikia kiti chake. Nasikia anakohoa — kile kikohozi changu, cha barabarani.

Sema. Sema baba.

— Muzee, unajua wanawake. Wanasema mambo mingi.

Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Ameniweka pale katikati na akaondoa mukono.

Mama mukwe anapumua kwa nguvu. Shangazi amesimama, namusikia anakwenda upande wa chumba cha watoto. Wanaita chai. Maji imechemka zamani, vikombe viko kwenye sinia, vinne. Kadogo ameamuka mugongoni, ananivuta sikio.

Wanaita tena. Muke haingii mpaka aitwe. Haya, nimeitwa.

Naingia bila chai, na lile neno mudomoni.