Paka Tusiyewahi Kumfuga

Bweni la Pili, Chumba 14,
Chuo Kikuu.
Jumanne, 9 Machi.

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mkaza mjomba, bado anashona sare za shule? Nasikia simu yako ilidumbukia kwenye ndoo, ndiyo maana nimempa dereva wa basi barua hii akukabidhi mkononi. Sisi wazima wa mwili, ila moyoni sina raha.

Masomo yanakwenda. Mwaka huu tunasoma jinsi kompyuta inavyotunga lugha ya binadamu: inameza maandishi ya watu kwa mamilioni, kisha inabashiri neno baada ya neno. Ukiiuliza kitu kisichokuwepo, mara nyingi haibishi, inakijazia nyama.

Nakuandikia habari za kaka, Fundi Umeme wetu. Najua mji wenu huko ng'ambo ya mpaka ni mkubwa na mlionana mara moja tu alipofika kutafuta kazi. Barua pepe zake kwa mama hazikatiki, tena tamu. Sauti yake hatujaisikia miezi saba. Kila tukiuliza, eti simu mbovu.

Nikamtega. Niliandika, "Unamkumbuka paka wetu mweupe, aliyeungua mkia?" Unaijua pumu ya mama, paka hajawahi kukanyaga kwetu. Dakika haikuisha, jibu hilo: kurasa mbili za kumlilia paka!

Nilimwonyesha mhadhiri wangu. Alisoma mara mbili, akavua miwani. "Hii ni kompyuta," akasema. "Lakini haikuamua yenyewe kumwandikia mama yako. Nyuma yake yupo mtu."

Wiki iliyopita barua ilimwita mdogo wetu, Kitinda, akaanze kazi huko. Tiketi imeshatumwa, ya Jumapili. Mama amekwisha kumfungia sanduku. Nilipomweleza alinijia juu: "Unamwonea kaka yako wivu!" Pasipoti ya Kitinda nimeondoka nayo kimyakimya.

Juzi niliandika: "Wewe ni nani?" Safari hii jibu limechukua siku mbili. Mstari mmoja, bila salamu: "Jumapili asichelewe."

Mjomba, nenda kwenye chumba alichopanga kaka, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Usiende peke yako. Akifungua mtu mwingine, usiseme sisi ni nduguze. Pitiliza moja kwa moja polisi.

Nisalimie mkaza mjomba na mapacha. Mungu awatangulie kila mnapokanyaga.

Usinijibu kwa maandishi. Azima simu ya jirani unipigie, nikusikie.

Akupendaye daima,
Mpwa wako wa chuoni.