Changamoto Ndogo Bondeni

Jumatatu, 5 Mei

Nimepima shimo kabla ya chai, kama kawaida. Mwanzi wa kupimia umelowa hadi karibu na mwisho. Masika haya hayana adabu, yanajaza shimo la samadi kuliko nguruwe wenyewe. Kanuti anasema ukuta wa upande wa bondeni unatoa jasho. Kanuti ni mtu mzima mwenye wajukuu, ananisaidia bandani tangu nilipostaafu ualimu, na kila jambo hulisema kwa kuzunguka. Jasho. Nitakwenda kuutazama kesho.

Mchana nimetuma taarifa ya mwezi. Ndiyo masharti ya kibali cha kufuga: kila mwezi niiambie ofisi ya mazingira nini kimetoka shambani kwangu na kimekwenda wapi. Kitu kikimwagika, niseme siku hiyohiyo, ili ofisi iwaonye wanaotumia maji huko chini. Tuna kundi letu la simu. Wafugaji tumo, mama wa kiwanda cha sabuni yumo, mtu wa kusindika ngozi yumo. Wote tumeandika neno moja: hakuna tukio, hali ni shwari. Kwa jinsi tunavyoandika, Morogoro hii hakuna anayemwaga hata maji ya kunawa.

Jioni Bi Mwanahawa amepita uzioni. "Wadudu wako wazima?" Kila siku hilohilo; nguruwe kwa jina lao hawataji. Nikamwambia wazima, wanakusalimu. Yeye Mzigua, mimi Mluguru, watani wa tangu zamani. Ana ruhusa ya kunitukana hata msibani, nami ninayo. Tangu nianze kufuga, getini kwangu hajaingia. Tunaongea yeye upande ule wa uzio, mimi huku, na migomba katikati.

Nilipoanza kufuga, mtaa ulitaka nizuiwe. Chini ya shamba langu kuna kijito. Chini yake bustani ya Bi Mwanahawa, na mbele kidogo msikiti mdogo unaovuta maji ya kutawadhia kutoka kijito hichohicho. Walikuwa na haki ya kuogopa. Kwenye mkutano ni yeye aliyesimama. "Mwalimu mwacheni afuge. Mradi uchafu wake ukae kwake." Watu wakatulia. Tangu siku ile nafuga kwa maneno hayo kuliko kwa kibali.

Jumanne, 6 Mei

Mvua kutwa. Magoti yananiuma. Ukuta sikwenda kuutazama.

Jumatano, 7 Mei

Ukuta umeanguka.

Asubuhi, Kanuti akiwa anawapa pumba. Nilisikia kishindo nikadhani ni mti. Nilipofika nyuma ya banda, shimo lilikuwa limepasuka upande wa bondeni na kila kilichokuwamo kinashuka. Hakikimbii. Kinashuka taratibu, kizito, kinapita katikati ya migomba, kinaingia kijitoni. Sijawahi kuona kitu kibaya kiasi kile kikienda bila haraka.

Tumehangaika mimi na Kanuti. Viroba vya mchanga, maranda ya mbao, mlango wa zamani wa banda. Kanuti akaingia hadi magotini bila kuombwa. Mpaka adhuhuri tumeziba. Kilichobaki shimoni kimebaki. Kilichokwenda kimekwenda.

Kisha taarifa. Nimekaa na simu muda mrefu. Nimefuta, nimeandika, nimefuta. Mwisho nimemtumia afisa mazingira hivi: "Habari za kazi. Leo tumepata changamoto ndogo ya miundombinu kwenye eneo la mabaki ya mifugo, ambapo kiasi fulani cha maji kimeelekea upande wa bondeni. Jitihada zimefanyika na hali inaendelea vizuri." Akajibu: "Imepokelewa Mwalimu. Pole kwa changamoto." Na kidole gumba.

Nikapata nafuu. Nikala wali wote. Nimetoa taarifa, siku hiyohiyo, sharti nimelitimiza. Kuwaonya watu ni kazi ya ofisi. Leo au kesho watakuja na kipaza sauti chao, watasema wanavyojua kusema, na mimi nitabaki ndani.

Jioni Bi Mwanahawa akapita. Wadudu wako wazima? Nikasema wazima.

Alhamisi, 8 Mei

Hakuja mtu asubuhi. Hakuna kipaza sauti. Hakuna pikipiki ya ofisi. Nimekaa kibarazani nikisikiliza barabara.

Leo ni Alhamisi. Mzee Shomari, mume wa Bi Mwanahawa, ndiye mtunzaji wa tangi la msikiti. Kila Alhamisi analisafisha, na baada ya alasiri anafungulia mpira kutoka kijitoni lijae kwa ajili ya Ijumaa. Mtaa mzima unajua. Mimi najua.

Nimeteremka hadi kwenye migomba. Kijito kilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na harufu. Harufu yangu. Upande wa pili, chini kidogo, Bi Mwanahawa ameinama anasuuza mafungu ya mchicha wa kupeleka sokoni. Mafua yamemkamata tangu wiki iliyopita, hanusi kitu. Maji ya masika kila mara ni machafu, hakushangaa rangi. Nilikuwa na mdomo. Sikuufungua. Niliona aibu ya kimwili, kama mtu aliyekutwa bila nguo, nikarudi ndani.

Nikampigia afisa. Nilikuwa na hasira naye, nataka nimuulize amekaa anangoja nini.

Akaniamkia vizuri. Akauliza kama paa limekwisha kutengenezwa.

Paa gani?

Ikabidi aniambie taratibu. Ujumbe wangu ameuelewa kuwa paa la banda limebomoka pamoja na mfereji wake wa maji ya mvua. Miundombinu, maji, bondeni. Ameuweka pamoja na nyingine. Wiki hii kila mtu ana changamoto, alisema, kuna mmoja changamoto yake ilikuwa fundi ameacha kazi. Halafu akauliza: "Sasa Mwalimu, samahani, kimetoka nini hasa?"

Miaka yote ile nimefundisha tafsida ubaoni. Usiseme hivi, sema kwenda haja. Usiseme vile, sema kujifungua. Nilipenda somo lile, nilikuwa nalifundisha kwa raha. Na jana nimeandika tafsida nzuri kuliko zote za maisha yangu, nikaifunika nayo hatari hadi mwenye kazi ya kuiona akapita bila kuiona.

Nikasema: "Mavi ya nguruwe. Yameingia kijitoni. Tangu jana asubuhi."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza nani yuko chini, nikamwambia bustani na msikiti. Akasema anatoka mjini sasa hivi, lakini mvua imeharibu barabara na yeye atachelewa. Nisimngoje. Niende mimi.

Nilikwenda na ndara zangu za bandani, sikukumbuka kubadili.

Bi Mwanahawa alikuwa uani anapanga mafungu kwenye tenga. Hakuna salamu niliyoitoa. Nilisimama mbali, nisikanyage uani kwake na ndara zile, nikasema kama nilivyosema kwenye simu. Maneno yaleyale. Kwa mara ya pili yalikuwa mazito zaidi.

Aliweka chini fungu alilokuwa nalo. Akajitazama mikono.

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Jana jioni nilikuuliza wadudu wazima. Ukaniambia wazima."

Nikazitazama ndara zangu.

Alijifunga kanga kiunoni akatoka mbio kuelekea msikitini, mwanamke wa umri wangu, na mafua yake. Mimi nyuma yake. Nilikuwa nikiomba njia nzima na sijui niliomba nini.

Mzee Shomari alikuwa ndani ya tangi. Kichwa tu kinaonekana, na brashi. Ameshalisugua, amelisuuza kwa ndoo za maji ya bomba la nyumbani kwake, limekauka. Mpira upo pembeni, umekunjwa. Haujaguswa. Niliketi palepale kwenye majani mabichi. Tangi lilikuwa tupu. Tupu kabisa. Sijawahi kufurahia kitu kitupu namna ile.

Bi Mwanahawa akamweleza, kwa ufupi na kwa lile neno. Mzee aliweka brashi chini. Akasema tu kwamba wangetawadhia maji hayo, msikiti mzima, bila kujua. Kisha akauliza kesho watatumia nini, maana bomba la msikiti limekatika tangu mwezi uliopita.

Kanuti alikuwa amenifuata. Alikuwa anatazama paa la msikiti, bati lote lile, na gata ya kukingia maji imening'inia upande mmoja. Hakuzunguka safari hii. Akasema, hii nikiifunga leo na mvua ikinyesha, maji yapo. Wakaifunga, yeye na Mzee Shomari, kwa waya na vipande vya mbao kutoka kwangu. Mbao safi, za dukani, nilihakikisha.

Afisa alifika jioni, tope hadi kiunoni. Akachukua maji kwenye chupa, akapita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu wakiache kijito mpaka majibu yatoke. Alisema lile neno kila mlango, na jinsi changamoto yangu ndogo ya kwenye simu ilivyompoteza. Nilikuwa nasikia kutoka kwangu.

Mtaa wote unajua sasa. Nilidhani ningekufa. Nina njaa tu.

Ijumaa, 9 Mei

Mvua imenyesha usiku kucha. Nimelala nikiisikiliza kwenye bati, na kwa mara ya kwanza masika haya sikuilaani.

Tangi limejaa hadi linamwagika. Kanuti ndiye aliyeniletea habari, anatabasamu kama aliyeinyesha yeye. Swala imeswaliwa. Nimesikia adhana nikiwa bandani na nikasimama na koleo mkononi mpaka ikaisha.

Afisa amerudi kutazama shimo. Nilikuwa nimejiandaa kufungiwa. Ananipa onyo la maandishi. Nijenge ukuta wa zege, nichimbe shimo la pili la akiba, na nisiongeze nguruwe mpaka akague. Ningekaa kimya, alisema, kibali kingekwenda. Ujumbe wa Jumatano anauhesabu kuwa taarifa, kwa kuwa ulifika siku ileile. Ila akanitaka niuandike upya, yeye akiwa amekaa palepale. Nilipofika kwenye neno lile nilisita, nikaandika "kinyesi". Akasoma, akasema kinyesi kinatosha, Mwalimu, kinaeleweka. Tukacheka wote wawili. Nilikuwa sijacheka tangu Jumanne.

Akasema pia kwamba ataliandikia kundi: kuanzia sasa anayetuma neno changamoto ataje ni ya nini, imetoka wapi na inaelekea wapi. Mama wa sabuni ameshajibu. Anasema yeye ana povu.

Bi Mwanahawa hakupita uzioni.

Jumamosi, 10 Mei

Mafundi wa zege wamekuja kupima. Mwanzi: chini sana, shimo karibu tupu.

Hakupita.

Jumapili, 11 Mei

Misa ya kwanza. Padri amehubiri, sikusikia. Nilikuwa nikiwaza uzio.

Nimewaza hivi. Najua kumtukana Bi Mwanahawa kwa namna nyingi. Nimemwambia Wazigua wanakula panya buku, yeye ameniambia Waluguru tunazikwa na majembe ili tusije tukakosa la kufanya. Tumesemana mbele ya maiti ya mume wangu hadi waombolezaji wakacheka. Hakuna neno tusiloweza kuambiana kwa utani. La kweli moja likanishinda, na alikuwa ndiye mtu wa kwanza wa kuambiwa.

Nasikitika kumpoteza kuliko ambavyo ningekisikitikia kibali. Hilo nimelijua leo.

Saa za jioni Kanuti ameingia na tenga. Mchicha, ule wa Alhamisi, umenyauka wote. Limeletwa hadi getini. Na nani, nikamuuliza. Na mwenyewe. Amesema nini? Kanuti akajikuna, akataka kuzunguka, nikamkazia macho. Akasema: "Kasema wape wadudu wako, wao maji yale ni ya kwao."

Nimewapa mwenyewe, fungu kwa fungu. Nimelia kidogo bandani, hakuna aliyeona isipokuwa wao.

Jumatatu, 12 Mei

Majibu ya maji yametoka. Mvua imesafisha kijito, watu wameruhusiwa kumwagilia. Kwa kutawadha, Mzee Shomari amesema watabaki na maji ya bati masika yote, ni matamu zaidi. Hakulisema kwa ubaya. Amemwomba Kanuti akafunge gata ya upande wa pili.

Nimeanza taarifa ya Mei mapema, nisije nikapoteza ujasiri kabla ya mwisho wa mwezi. Tukio: ukuta wa shimo ulianguka, mavi ya nguruwe yaliingia kijitoni. Sababu: niliambiwa Jumatatu kuwa ukuta unavuja, sikwenda kuutazama. Waliojulishwa: majirani, kwa kuchelewa. Haikuchukua muda kuandika. Ile ya "hakuna tukio" huwa inanichukua muda zaidi, sijui kwa nini.

Mchana nimefua ndara. Mvua imepumzika, milima imeonekana yote, hadi juu.

Jioni nilikuwa nang'oa majani chini ya migomba. Nilisikia kikohozi upande ule, kile cha mafua. Sikuinua kichwa. Niliogopa kuwa anapita tu.

"Mwalimu."

"Naam, Bi Mwanahawa."

"Changamoto zako zimekula?"

Nikamwambia zimekula mchicha wote, sasa zimelala.