Aini Iliyo Katikati ya Neema

Mama,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza mazungumzo na wewe bila kukuamkia, na sioni kwa nini nianze leo.

Arobaini yako imepita. Akina mama uliokuwa ukiwafundisha Kurani barazani walikuja wote, wakapika, wakasoma, wakaosha na masufuria. Cherehani yako amekaa nayo wifi Zaituni. Anashona sketi za shule palepale dirishani, ila kola bado zinampiga chenga. Mwanao Hamisi akirudi kutoka kutengeneza mafriji yake anasimama pale kidogo, anagusa gurudumu, halafu anaingia ndani kimya. Namwacha. Nikimsemesha tutalia wote wawili na chakula kitaungua.

Lakini nakuandikia kwa sababu ya baba yangu. Alikuja, Mama. Baba wa Kisesa amefika Igogo.

Unajua ilivyokuwa. Mimi nilizaliwa baada ya mama yangu kupoteza watoto wengine, na siku ile yeye mwenyewe alipona kwa shida. Baba akaniita Neema na hakutaka kusikia jina lingine. Kwa hiyo nilipomwambia nitasilimu niolewe na Hamisi, hakugomba habari za dini kama nilivyotegemea. Aliwaangalia ng'ombe wake, akasema: "Watakubadilisha jina. Siku wakikuita jina lingine, mimi huko sina mtoto." Harusini akaja mjomba peke yake.

Na kweli shangazi zake Hamisi walikuwa wameshanichagulia jina. Zuri tu, wakaanza hata kuniita kwa jina hilo. Wewe ulikuwa unapiga pasi. Ukauliza hili la Neema lina ubaya gani. Wakasema ni la Kikristo. Ukacheka mpaka ukaweka pasi chini. Ukachukua chaki yako ya fundi, ukavuta kitambaa cha bluu cha sketi, ukaandika kutoka kulia kwenda kushoto: نعمة. Ukanionyesha kile kifundo kilichobanwa katikati.

"Hii ni aini," ulisema. "Waarabu wanaitoa kooni, sisi Waswahili tumeimeza. Lakini imo humuhumu tangu siku baba yako alipokuita. Jina halibadilishwi. Ila utajifunza kulitamka."

Nilidhani ni kazi ya siku chache. Sauti hiyo kwetu kwenye Kisukuma haipo, na kwenye Kiswahili changu cha shule haipo. Nilitoa a ya kawaida, ukatikisa kichwa. Nikakaza, ikatoka h. Nikakaza zaidi, nikakohoa. Ndipo ukashika vidole vyangu ukaviweka kwenye koo lako, ukaitamka, nikasikia kitu kinabana na kuachia humo ndani, kama mtu aliyetaka kumeza akaghairi. Ukaniambia nisiogope kuonekana mbaya usoni. Zaituni alikuwa anapita na ndoo akauliza kama kuna mgonjwa anatapika.

Nilipokata tamaa nikakuambia Mungu anaelewa hata bila aini. Ulikubali kwamba anaelewa. Halafu ukanieleza kwamba kwa Kiarabu alimu yenye aini ni mjuzi, na alimu isiyo na aini ni kitu chenye maumivu. "Sasa wewe unamsifu au unamlalamikia?" Nilicheka, lakini kesho yake nikarudi barazani mapema kuliko wote.

Kuandika nako kulinitesa. Mwanzoni mwa neno aini inafungua mdomo kama ndoano. Ikikaa katikati inajikunja. Mwishoni inaning'iniza mkia. Nilisema herufi yenye sura nyingi hivyo si ya kuaminika. Ukaniuliza kama mimi nikiwa jikoni na nikiwa harusini nafanana. Tangu siku hiyo sikuisahau tena. Mpaka leo nikiiona katikati ya neno najiona mwenyewe nimejifunga kanga, nimeinamia moshi.

Halafu koo lako likaanza kukwaruza. Tulidhani ni vumbi la vitambaa. Ulikunywa tangawizi, ukanywa asali, ukakataa kwenda hospitali mpaka Hamisi alipokubeba kama kwa nguvu. Ulikuwa uvimbe. Madaktari wakasema wataondoa sauti ili wewe ubaki. Kabla hawajakuingiza chumba cha upasuaji ulituita mmoja mmoja kwa jina. Langu ulilisema taratibu, na aini yake, bila haraka yoyote. Hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyonayo. Naitunza, Mama. Sijui nikuambieje. Naitunza tu.

Wodini nilikuwa nakusomea sura ya Alhamdu kila mchana. Nikikosea aini uligonga pete kwenye chuma cha kitanda. Yule bibi wa Ukerewe, jirani yako wa wodini, alizoea, akawa anatikisa kichwa hata kabla hujagonga, na yeye ni Mkatoliki. Siku moja nikafika penye "naabudu" nikapita. Nikafika penye "nastaini" nikapita. Hukugonga. Nikadhani umesinzia. Nilipoinua macho ulikuwa unaniangalia, macho yamejaa maji, ukanipungia mkono niendelee. Nilijua wewe huwezi tena kuitamka, na mimi ndiyo kwanza naipata.

Ulirudi nyumbani, ukakaa nasi msimu mzima wa mvua. Ukaondoka asubuhi, chai yako ikiwa bado ya moto.

Sasa nikueleze ya baba. Alifika siku ya arobaini pamoja na mjomba, amevaa shati lake la kanisani, amebeba mchele. Mjomba ndiye aliyempa habari za msiba. Nilimwamkia, akaitikia, akaenda kukaa na wanaume chini ya turubai kama mgeni yeyote. Nami nikarudi jikoni uani. Wewe unajua kazi za siku kama ile. Kila mtu ananiita. Neema, chumvi iko wapi. Neema, sahani za wageni. Neema, njoo uonje. Kutwa nzima.

Mchana nikamwona baba amekuja uani, mahali wanaume hawaji, amesimama na kofia mkononi.

"Hapa wanakuitaje?" akauliza.

"Neema."

"Kwa sababu mimi nipo leo?"

"Siku zote, baba. Tangu nimekuja."

Nikamweleza yote: shangazi, pasi, chaki, kitambaa cha bluu. Nikachukua kijiti cha kuni nikaliandika jina ardhini. Aliinama akaliangalia kwa muda mrefu, kama anavyokagua kwato. Akataka nilitamke, nikalitamka. Akajaribu. Mara ya kwanza alikohoa. Mara ya pili, Mama, ikatoka. Aini kamili, nzito, kutoka kulekule chini anakotolea sauti ya kuwafukuza ng'ombe kwenye mahindi ya watu. Akina mama wakaacha kumenya vitunguu. Mimi niliyehangaika miezi na miezi nikakaa kwenye kigoda nikacheka huku nalia, msibani kwako, na najua wewe usingenikataza.

Akaomba apelekwe kaburini kwako. Hamisi akatupeleka, mimi nikasimama nyuma kidogo. Baba hajui dua zetu na hakujifanya anazijua. Alivua kofia, akasema maneno kwa Kisukuma, kisha akayarudia kwa Kiswahili ili Hamisi naye asikie: "Mama, nimechelewa kuja. Asante kwa mtoto. Asante kwa jina." Hamisi akamshika mkono, akamwita baba, na wakarudi nyumbani wameongozana hivyo hivyo mpaka mlangoni.

Sasa anapiga simu. Haongei mengi, anauliza kama tumekula. Sikukuu ya Idi ametuambia twende Kisesa, mbuzi wa kuchinja atachaguliwa na Hamisi mwenyewe.

Iliyobaki ni herufi ya dhadi, ile ya mwisho wa Alhamdu, uliyosema tutaianza ukipata nafuu. Ulimi wangu bado unateleza, unaipita. Nimemwomba mwalimu wa msikitini anifundishe, na nimekaa nyuma kabisa pamoja na wanaoanza. Nakuahidi sitaiacha njiani. Siku itakapotoka sawasawa nitakuja nikusomee yote, mwanzo hadi mwisho, bila kukimbia.

Mungu akupe nafasi pana huko ulipo, Mama. Pumzika. Nyumbani tupo.

Mkweo, mwanao,
Neema