Siku Waliponiuliza Kama Ninakubali

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Shively tuko salama, na goti la dada yangu, yaani nyanya yako, limepona. Najua wenzako huko Buffalo hucheka nikikuita mjukuu na mimi nina miaka thelathini, lakini ukoo hauangalii umri.

Umeuliza waandishi Wafaransa tuliowasoma shuleni Uvira wamenifaa nini. Walisema anayenyamaza pia amechagua.

Kwenye posa yangu kule Columbus, wazee waliniuliza mbele ya wageni waliokuja kuposa kama ninakubali. Kwa desturi binti huinamisha kichwa, imekwisha. Mimi nikasema, "Hapana."

Mjomba akaruka. "Binti, umesikia swali vizuri?"

Baba aliniangalia, kisha akawageukia wazee na wageni. "Bon, haya. Mmemuuliza, amejibu. Kunyweni soda."

Tangu siku ile, jina la baba nalitamka kwa fahari.

Bibi yako,
Furaha